Sauti ya Nyumba Bila Taa

Mama Mathilde hakuketi. Aliweka simu juu ya cherehani, juu ya sketi ya shule iliyokuwa inashonwa, kisha akarudi nyuma kama mtu aliyetua nyoka.

"Sikiliza weye mwenyewe," alisema. "Mi siwezi kusikiliza tena."

Orpa Wilondja alizima redio. Kule Uvira, Kongo, alikuwa mpelelezi wa polisi, na ingawa hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, aliishi kwa kushona nguo, watu hawakuacha kumletea mambo yao: baiskeli iliyoibwa, mume aliyetoweka, kijana aliyesingiziwa. Mathilde alikuwa jirani yake. Orpa alijua kwamba binti wa Mathilde, Gabriella, mjane, aliondoka kambini kabla ya mvua na kumwacha mtoto wake mdogo, Kiza. Kila mtu alijua hivyo. Walisema amekwenda Afrika Kusini na mwanaume.

Kwenye kioo cha simu kulikuwa na mlango wa bati uliochorwa vibaya, na juu yake maandishi mekundu: NYUMBA BILA TAA. Chini, kwa herufi ndogo: umetengenezwa na Divin Cishahayo.

"Ni mchezo huu wa Divin kinyozi?"

"Batoto bote iko nao mu simu. Cheza. Fika kwa mulango ya mwisho."

Orpa alivuta pazia la dirisha, akachomeka spika za masikioni. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kitoto. Kuta zilifanana na maboksi yaliyopangwa, na meza ilielea juu ya sakafu bila kuigusa. Alipokosea njia alipenya ukuta akajikuta nje ya nyumba, kwenye uwanja mweusi usio na kitu. Alirudi ndani. Upepo ulipiga bati. Maji yalidondoka mahali fulani. Giza ndilo pekee lililotengenezwa vizuri. Lilimfuata nyuma, likifunga kila alikopita.

Mlango wa mwisho haukufunguka. Ulitokea mkono mdogo wa kubonyeza, na maneno: WEKA SIKIO.

Akabonyeza.

"Kiza..." Sauti ilikuwa nzito, inaburuta, kama ya mtu anayeongea amefunikwa blanketi. "Kiza... usilale pa mulango... kuya huku... kwa mama..."

Nyuma ya sauti kulikuwa na mdundo, dum, dum, usiochoka. Halafu mlio mwingine: kitu kilipanda polepole, kikaning'inia, kikashuka kwa kukwaruza, kama mtu anayekabwa koo.

Orpa alirudia. Akarudia tena. Nywele za mikono zilikuwa zimesimama, naye alizisugua zilale kabla Mathilde hajaziona.

"Sauti ni nzito sana, Mama Mathilde. Hata mwanaume anaweza kuwa."

"Ni Gabi. Sikiliza pale pa 'usilale'. Ile 'si' yake inapigaka mluzi, meno yake ya mbele iko na nafasi tangu utoto. Na nani mwingine atamwambia Kiza asilale pa mulango? Mutoto alikuwaka analala pale, anangoja mama yake arudi soko." Mathilde alikaza kitenge kiunoni. "Bantu banasema Divin alikamata roho yake. Kama ni roho, basi mutoto yangu alikufa. Unambie kama alikufa, Orpa. Unambie nilie."

Orpa alichomoa spika masikioni.

"Usilie kwanza," alisema. "Niachie hii simu."

*

Divin hakuwa kwenye kibanda chake cha kunyoa. Mlango ulikuwa umevunjwa bawaba, na kioo chake cha ukutani kililala chini vipande vipande. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mandazi pembeni alielekeza kwa kidevu: kituo cha vijana.

Alikuwa amejifungia chumba cha kompyuta. Alifungua baada ya kuhakikisha ni nani. Kijana mrefu, mwenye ndoa na mtoto mchanga, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mama Orpa, mi sina uchawi. Wamevunja kioo yangu."

"Nimeona. Keti. Huu ni mchezo wako wa ngapi?"

"Wa kwanza. Nilijifunza kwa video tu. Kulikuwa na shindano ku internet, ya benye kuanza, mchezo mufupi wa kuogopesha. Nikasema, bon, nijaribu." Aligeuza kioo cha kompyuta ili Orpa aone. Nyumba ile ile, ila sasa ina mwanga, na ilionekana masikini: masanduku ya kijivu, mlango uliosimama peke yake hewani. "Sijue kuchora bantu. Sijue kuchora hata kiti vizuri. Kila kitu kilichonishinda nilikifunika na giza."

"Na sauti?"

"Sauti za bure za ku internet zilikuwa za nyumba za kizungu. Ngazi za mbao, milango mikubwa. Huku mulango ni bati, mama. Nilitaka bati. Nikazunguka na simu yangu, narekodi."

"Unasimama nayo?"

"Hapana. Pumzi yangu ilikuwa inasikika ndani. Naweka simu pa dirisha ao pa tundu la ukuta, naenda kunywa chai, nakuya kuichukua."

"Kwa hiyo hukuisikia ile sauti mahali ulipoirekodi."

"Niliisikia hapa. Usiku huo nilivua ma-écouteur mu masikio, nikatoka inje. Nikajiambia ni mama fulani alikuwa anapita na mutoto yake." Alitazama mikono yake. "Kisha nikaona ni kitu kizuri kuliko vyote mu mchezo yangu."

"Hukuuliza ni nani?"

"Niliogopa kuuliza."

Orpa hakumkaripia. "Ulirekodi wapi na wapi?"

"Ku Nathenje, karibu ya chigayo. Ku Chinsapo, mu nyumba moja haijaisha. Ku Area 36, nyuma ya soko. Na hapa kambini, kidogo."

"Hii ni ya wapi kati ya hizo?"

"Hapo njo sijue. Nilikata vipande vidogo-vidogo, nikavichanganya. Zile za mwanzo nilizifuta, simu ilijaa."

"Zima upepo. Zima maji na nyayo. Acha sauti ya mlango peke yake."

Divin alibonyeza. Kimoja baada ya kingine, milio ilikatika, mpaka chumba kikabaki na yule mwanamke, ule mdundo, na kile kitu kinachokabwa. Wote wawili walisikiliza bila kutikisika mpaka kikaisha.

"Huo mdundo ni mashine," Orpa alisema.

"Chigayo," Divin akaitikia upesi. "Ni Nathenje, mama. Mashine ya kusaga unga. Mimi niliweka simu kwa ukuta wa stoo, hatua kidogo na chigayo."

"Funga huu mlango mpaka nirudi. Na usimwambie mtu kwamba tumeongea."

*

Kabla ya Nathenje kulikuwa na mtu wa kuhojiwa. Faustin alikuwa kaka wa marehemu mume wa Gabriella, kiongozi wa kwaya, mwenye stoo ya nguo za mtumba mjini Lilongwe. Tangu Gabriella alipoondoka, yeye ndiye aliyemlea Kiza. Ndiye pia aliyeandikwa mlezi wake kwenye dosye, yaani faili, ya kuhamia ng'ambo, dosye iliyofunguliwa kwa jina la Gabriella. Safari ilikuwa wiki iliyofuata.

Orpa alimkuta kanisani akinyoosha waya za spika. Waimbaji walikuwa bado hawajafika.

"Mama Orpa! Karibu. Ulikuya kuimba?"

"Nimekuja kuuliza habari za Gabriella."

Uso wa Faustin ulijaa huzuni, huzuni ya mtu aliyeizoea. "Nini ya kusema? Alinipigia simu yeye mwenyewe, kutoka Joni, ku Afrika Kusini. Alisema nimuchungie mutoto."

"Mara ya mwisho ulimwona wapi?"

"Hapa hapa kambini. Alipanda gari ya Rachidi, yule mutu wa Kindu. Rachidi njo anajua kenye alimufanyia. Mi sitaki kumuhukumu mutu."

"Mathilde amesikia sauti ya Gabriella kwenye mchezo wa simu. Ule wa Divin."

Mkono wa Faustin ulisimama kwenye waya.

"Divin aliirekodi wapi?"

"Hajui vizuri. Anadhani Nathenje."

Mabega yake yakashuka kidogo, na mkono ukaendelea na waya. "Masikini Mama Mathilde," alisema. "Uchungu unamusikilizisha vitu. Tutamuombea."

Orpa alitoka. Alikuwa amefika kwenye kona ya kisima alipogundua kilichomsumbua. Mathilde aliuliza kama mwanawe amekufa. Wale waliovunja kioo waliuliza kama ni roho. Faustin hakuuliza kama sauti ni ya Gabriella kweli, wala hakuomba kuisikia. Aliuliza mahali.

Lakini hilo halikuwa ushahidi. Hakuna sajini ambaye angeandika karatasi kwa sababu mtu ameshusha mabega.

*

Rachidi ndiye aliyempeleka Nathenje asubuhi iliyofuata, kwa pikapu yake. Hakuzungumza mpaka walipoiacha Lilongwe nyuma.

"Unanipeleka ama unanichunguza?" aliuliza.

"Vyote."

"Basi ni vizuri. Tangu miezi hii yote, bantu banapita duka yangu kama vile kuko na maiti ndani. Banasema nilimuuzisha. Hakuna hata mumoja alikuya kuniuliza kitu."

"Nitakuuliza. Kwanza twende chigayo."

Chigayo kilikuwa kinanguruma, akina mama wamepanga foleni na ndoo za mahindi. Mwenye mashine, mzee wa Kimalawi mwenye kope nyeupe kwa unga, aliwafungulia stoo zote bila maswali mengi. Magunia. Mbolea. Panya mmoja. Kwenye ukuta wa nyuma kulikuwa na tundu ambalo Divin alilieleza, na ndani yake kumekaa buibui. Orpa aliweka sikio hapo hata hivyo. Alisikia mashine tu, na mashine hiyo haikuwa na mdundo. Ilikuwa na mngurumo mmoja mrefu, unaoshuka mahindi yanapomiminwa na kupanda yanapokwisha.

"Hii siyo," alisema.

"Labda siku ile ilikuwa mbovu," Rachidi alisema.

Walikunywa soda chini ya kibanda cha mwuza nyanya. Orpa aliitoa ile simu, akaisikiliza tena, kidole kimoja kwenye sikio la pili. Dum, dum. Kiza, usilale. Kisha kile kinachokabwa: kinapanda, kinaning'inia, kinashuka kwa kukwaruza.

Nyuma ya kibanda jogoo akawika.

Orpa alivua spika. Jogoo akawika tena: akapanda, akaning'inia, akashuka kwa kukwaruza. Umbo lilikuwa lile lile, ila fupi.

Alimpigia Divin palepale.

"Ile sauti ya mlangoni, uliifanya nini kabla ya kuiweka kwenye mchezo?"

"Sikuifanya kitu, mama. Niliikata tu."

"Fikiri. Umesema unajifunza kwa video. Video ilikufundisha nini kuhusu sauti za kuogopesha?"

"Ah. Niliipunguza mwendo. Banasema ukipunguza mwendo, sauti yoyote inakuwa ya kuogopesha. Kila mutu anafanyaka hivyo."

"Irudishe kama ilivyokuwa. Nitumie."

Iliingia kabla soda hazijaisha. Rachidi aliiunganisha na spika za gari, wakafunga vioo.

Upesi, msichana akaongea. Ndivyo Orpa alivyomsikia: hakuwa mzimu, wala mzee, bali mwanamke kijana, mwenye mafua kidogo, anayembembeleza mtoto. "Kiza, usilale pa mulango. Kuya huku kwa mama." Mluzi ulikuwepo kwenye 'si', mwembamba, wazi. Jogoo aliwika kwa mbali. Na mdundo haukuwa mdundo tena. Ulikuwa mvua ya nyundo juu ya bati, nyingi kwa pamoja, zinapokezana.

Rachidi alizima spika.

"Njo ye," alisema. "Wallahi njo ye. Na hao ni batengenezaji wa mbaula, yale majiko ya makaa. Wako nyuma ya soko ya Area 36, kule Lilongwe. Kila siku wanapiga hivi." Alimgeukia Orpa. "Na kule njo nilimushusha."

"Ulimshusha nani?"

"Gabi! Ile siku. Alisema shemeji yake iko na stoo pale, atamungojea."

"Faustin anasema alimwona mara ya mwisho kambini."

"Faustin alisimama pa barabara akinipungia mukono. Mi sikuwaza kitu, ni mutu wa kanisa." Aliwasha gari. "Mbona unanitazama? Nilikuambia: hakuna mutu alikuya kuniuliza."

*

Sajini Kamwendo alikuwa amefanya kazi Dzaleka kabla ya kuhamishiwa mjini, na alikuwa na deni la heshima kwa Orpa kwa kesi moja ya zamani. Alisikiliza sauti kwa simu mara moja tu. Alisema kwa Kichewa kwamba sauti siyo kibali cha kuvunja kufuli, kisha akachukua kofia yake.

Nyuma ya soko, mafundi wa mbaula walikaa chini kwa safu, miguu imenyooshwa, wakikunja mabati ya mapipa. Mlio ulijaa kichwani mpaka mawazo yakakosa nafasi. Mbele yao kulikuwa na migongo ya stoo zilizoungana, matofali mekundu, na juu ya kila moja tundu dogo la hewa. Divin, kwa simu, aliwaelekeza: ya pili kutoka kwenye mfereji, tundu lenye tofali lililovunjika.

"Stoo hii ni ya nani?" Sajini alimpigia kelele fundi wa karibu.

"Ya Mkongomani wa kaunjika, nguo za mtumba. Mzee wa kanisa. Mtu mzuri sana."

Orpa aliegemea ukuta, akaweka sikio chini ya tundu. Matofali yalikuwa na joto la jua. Mwanzoni nyundo tu. Kisha, chini yake, kama maji chini ya mawe, akaisikia. Mwanamke anazungumza. Anauliza kitu, ananyamaza kana kwamba mtoto amemjibu, anacheka kidogo.

"Waambie waache kupiga," alisema.

Sajini aliinua mkono. Nyundo zilikatika moja moja.

Ukuta ukawa kimya. Hakuna pumzi, hakuna mguu unaosogea. Mtu yeyote angeapa kwamba stoo ile haina kitu ila nguo.

"Gabi," Orpa aliita kwenye tundu. "Gabriella."

Kimya.

Sajini alimtazama. Rachidi alianza kusoma dua chini kwa chini.

"Waambie waendelee."

Nyundo zikaanza. Orpa alibaki ameegemea, macho amefumba. Ukapita muda wa mtu kujihakikishia kwamba yuko salama, kisha sauti ikarudi, palepale ilipoachia, ikiwa laini na yenye furaha ndogo. Sajini aliinua mkono tena bila kuambiwa. Nyundo zikakatika, na sauti ikakatika nazo, katikati ya neno.

Mafundi wote walikuwa wamesimama sasa. Mmoja alivua kofia.

"Miezi yote hii," alisema. "Tumekuwa tukila chakula chetu hapa."

"Anaongea ninyi mkipiga tu," Orpa alisema. "Anaogopa kusikika. Sajini, huyu hangojei kuokolewa. Amejificha."

Kamwendo aliazima nyundo nzito, akazunguka mbele, akavunja kufuli.

*

Ndani kulinuka nguo za mtumba na dawa ya kuulia mende. Marobota yalipangwa mpaka kwenye dari, na nyuma ya safu ya pili palikuwa na upenyo wa mtu kupita kwa ubavu. Orpa alitangulia.

Kulikuwa na godoro, ndoo yenye mfuniko, jagi la maji. Gabriella alikaa ameegemea ukuta, magoti kifuani, kiganja mdomoni. Nywele zake zilikuwa zimesukwa vizuri sana. Ni kitu hicho kilichomtisha Orpa kuliko vyote: mistari iliyonyooka, iliyosukwa gizani bila kioo, na mtu mwenye wakati.

"Funga," Gabriella alinong'ona. "Mama Orpa, funga mulango. Batatukamata sisi bote."

"Nani?"

"Polisi." Alimwona Kamwendo nyuma ya Orpa, akajisukuma ukutani kama anayetaka kupita katikati ya matofali. "Njo hao. Shemeji aliniambia. Banakusanya wakimbizi benye wako mu mji, banawatupa ng'ambo ya mupaka bila batoto yabo."

Orpa alipiga magoti kati yake na sajini. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuongea na mteja juu ya urefu wa gauni. "Ulikuja hapa wewe mwenyewe?"

"Eeh. Shemeji alisema kuko na kazi ya kuchambua nguo. Ile siku kulikuwa na msako kweli, mama, niliona magari yabo. Akasema nijifiche hapa siku kidogo. Nikisikika, nitarudishwa Kongo na Kiza atabaki peke yake."

"Kufuli ilikuwa nje."

"Mwanzo nilikuwa nafunga mi mwenyewe, kwa ndani." Alifikiri. "Sijue ni siku gani kufuli ilihama."

"Gabriella, kabla ya kuja hapa, Faustin alikuomba kitu chochote?"

"Alitaka nimuandikishe mu dosye yangu. Kama bwana yangu. Nilikataa. Alikasirika kidogo, kisha akaomba musamaha. Tangu hapo ni mutu muzuri. Ananiletea chakula, ananiletea habari ya Kiza. Iko vizuri, si ndiyo? Iko kwa mama yangu?"

"Kiza yuko kwa Faustin," Orpa alisema. "Ameandikwa mlezi wake, kwa sababu wewe ulikimbilia Joni na kumtupa mtoto. Ndivyo alivyowaambia ofisini. Wanaondoka wiki ijayo, yeye na Kiza, kwenye dosye yako."

Gabriella hakulia. Alitazama godoro, jagi, ndoo, kila kimoja kwa zamu, kama mtu aliyeamka na kuanza kutambua chumba.

"Na mimi?" aliuliza. "Akisha kuondoka, nani alikuwa atanifungulia?"

Orpa alimnyooshea mkono ainuke.

Nje, mlango wa gari ulifungwa. Kisha hatua, na sauti ya Faustin ikiimba wimbo wa kwaya kwa pua. Ikakoma. Alikuwa ameona kufuli.

Aliingia hata hivyo. Alikuwa na sahani iliyofunikwa na nyingine, imefungwa kitambaa safi, na mvuke bado unatoka pembeni. Nsima na usipa: ugali na dagaa. Alimwona Rachidi, akamwona sajini, mwisho akamwona Orpa akitoka katikati ya marobota, na mwanamke nyuma yake.

"Mulimupata," alisema. "Asante Mungu."

"Weka hiyo sahani chini," Kamwendo alisema.

Faustin aliiweka juu ya robota, akaisawazisha isimwagike. Kisha alianza kuongea Kichewa, upesi, kwa adabu, viganja wazi. Mwanamke huyu ana ugonjwa wa kichwa. Familia iliona aibu. Yeye peke yake alijitwisha mzigo. "Muulize, sajini. Siku hata moja hakulala njaa. Mimi nilimlisha kwa mkono wangu. Muulize kama nilimgusa. Muulize!"

Kamwendo alikuwa ametoa karatasi na kalamu. Aliandika tarehe juu, akamwelekea Faustin, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anaongea, na ndiye aliyejua Kichewa.

"Jina kamili," alisema.

Faustin alifungua mdomo.

"Hapana." Gabriella alikuwa amesimama. Alijishika kwenye marobota, miguu haikuzoea, akapita mbele ya Orpa, akapita mbele ya shemeji yake bila kumtazama, mpaka akasimama karibu na karatasi. Jua la mlangoni lilimpiga machoni, akalivumilia. "Ye anyamaze. Mama Orpa, mutafsirie afande neno kwa neno, usipunguze. Mi njo naongea wa kwanza."

Sajini alimtazama Orpa. Orpa aliitikia kwa kichwa. Kamwendo akageuza karatasi upande wa pili, ulio mweupe.

"Aandike," Gabriella alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. "Jina langu ni Gabriella Sifa. Mi niko muzima wa kichwa. Na mutoto yangu haendi popote na huyu mutu."